Waya Haushoni

Mkunga alipomkabidhi mwanawe, Mikono alimpokea kwa mkono wa kushoto, akamlaza chali kiganjani, akakitazama kitovu. Kidole gumba kikapita juu yake. Kisha akaivuta miguu yote miwili kidogo, akaiachia aone kama inarudi, akamgeuza uso kwenye mwanga, jicho moja, jicho la pili. Yote hayo yalifanyika kabla watu hawajamaliza kusema hongera. Mkunga alicheka, akidhani ni ushamba wa baba mgeni. Mkewe, ambaye jasho la uchungu lilikuwa halijamkauka, hakucheka. Siku moja aliwahi kumpelekea mumewe chakula kazini, akasimama mlangoni akimwangalia anavyofanya. Alikijua alichokiona.

"Amepita?" akauliza.

"Nini?"

"Nakuuliza, mwanangu amepita?"

Mikono akacheka kicheko cha mtu aliyefumaniwa, akamfunika mtoto haraka, akamrudisha kwa mamaye.

Jina hilo la Mikono alipewa kazini. Alikuwa mchambuzi katika kituo cha kutotolesha vifaranga, jengo refu lisilo na madirisha, lenye joto la kitandani na harufu ya maganda na manyoya mabichi. Mayai huingia upande mmoja, vifaranga hutoka upande wa pili juu ya mkanda unaotembea, na katikati husimama wachambuzi. Kazi yao ni kukamata na kugeuza: kitovu kimefunga? Miguu inasimama? Jicho ni angavu? Aliye mzima huwekwa kwenye kasha, akauzwe. Asiye mzima hutupwa kwenye pipa la buluu. Pipa lina mfuniko, na ubavuni lina mpira wa gesi, na hayo yatosha. Anayetaka kujua zaidi akaulize mwenyewe. Wengi hulia wiki ya kwanza, kisha huacha kazi. Mikono hakulia. Aliyemfundisha ni mama wa makamo ambaye kituo kizima kilimwita Shangazi, naye alimpa sheria moja tu: "Usimtazame mara mbili. Ukimtazama mara mbili, umeshamzaa." Mikono akaishika. Kwa kasi hakuwa na mpinzani pale mezani, na moyo wake, polepole, bila yeye kujua ulianza lini, ukafa ganzi kama mguu uliokaliwa.

Mtoto alikuwa hajatimiza mwezi alipoanza kutapika. Si kule kucheua kwa kitoto, matone mawili matatu pembeni ya mdomo. Haya yaliruka kwa nguvu, yakavuka kitanda, yakalowesha pazia. Halafu, ajabu, akalia njaa, akalivamia ziwa kama hajawahi kuliona, na punde si punde yakaruka tena. Mkewe akabadili namna ya kumshika, akampunguzia, akamwongezea, akamcheulisha begani mpaka bega lenyewe likakataa. Jirani mmoja akasema ni gesi. Mwingine akasema maziwa ya mama ni mazito. Mashavu ya mtoto yakashuka, ngozi ya paji ikakunjana, akawa na uso wa mzee aliyechoshwa na maneno ya watu.

Mikono alimtazama mara moja. Aliona utosi umebonyea na kiganja hakikamati tena kidole. Mikono yake ilikata shauri kabla akili haijaulizwa, na tangu hapo hakumbeba. Kumchukia hakumchukia. Hakuhisi chochote, na hicho ndicho kilichokuwa kibaya. Alikuwa na sababu zake kila siku: nanuka kazi, nimechoka, amelala usimwamshe.

"Tumpeleke hospitali," mkewe akasema.

"Tungoje kidogo."

"Tungoje nini?"

Angekuwa mkweli angesema alikuwa akingoja mwisho.

Mkewe hakuuliza tena. Alimfunga mtoto kifuani akaenda peke yake, na mchana simu ikaita kule kwenye joto la mashine. "Tumelazwa," akasema. "Njoo, ukitaka."

Lile neno la mwisho Mikono alitembea nalo njia nzima.

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu, mwenye miwani minene kama vitako vya chupa. Alizungumza huku akiandaa vitu vyake, kama mpishi anayeongea na mgeni jikoni. Mtoto hana ubaya mwingine, akasema. Tumbo lina mlango wa juu na mlango wa chini, na mlango wa chini wa huyu bwana mdogo umebanwa na msuli ulionenepa kupita kiasi. Chakula kinashuka, kinagonga, hakifunguliwi, kinarudi kilikotoka. Leo wangemrudishia maji na chumvi mwilini kwa mshipa. Kesho, akishapata nguvu, wangemlaza usingizi, waupasue ule msuli, basi.

"Siku hizi tunaingilia kitovuni," akasema. "Akikua hata kovu halionekani."

Chumba kilikuwa na joto. Mikono, kama alivyozoea kazini, akashika pindo la shati lake akajifuta jasho usoni. Daktari akamwonyesha tumboni kwa kidole.

"Na hilo?"

"Lipi?"

"Hilo kovu la tumboni."

"Aa, hili? Niliangukia waya wa uzio nikiwa mdogo. Mama ndivyo alivyoniambia."

Daktari akaomba ruhusa, akainama, akalisogelea mpaka miwani ikakaribia kumgusa. Lilikuwa kovu fupi, limelala upande wa kulia juu ya kitovu, na kando yake, huku na huku, kulikuwa na vidoa vidogo vilivyopangana jozi jozi. Mikono alikuwa ameviona maisha yake yote.

"Waya unakata, baba," daktari akasema taratibu. "Waya haushoni. Mama yako yuko hai?"

"Yuko."

"Basi mpigie simu. Ugonjwa huu hutembea katika familia, hasa kwa wavulana. Nadhani kuna mtu aliwahi kukufungulia mlango wewe."

Mkewe, aliyekuwa amekaa kitandani akimpepea mtoto kwa kanga, akamgeukia mumewe.

"Na zamani, kabla ya upasuaji?" Mikono akauliza.

"Zamani walikufa."

Mikono akatikisa kichwa, akalimeza hilo kama mtu anayemeza kidonge bila maji. Halafu likamtoka swali ambalo hata yeye hakujua analo. "Sasa, daktari, tukimfungua huyu, akakua, akaoa, akazaa. Si tutakuwa tumeusogeza mbele?"

"Huenda. Wengi wa watoto wao hawapati. Wachache wanapata."

"Kwa hiyo tunaongeza."

"Tunaongeza, ndiyo." Daktari akaivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti. Macho yake bila miwani yalikuwa madogo na yamepotea. "Hapo ulipo sasa, wewe ni ukungu unaoongea. Mama yangu alikuwa hivi hivi, na wanangu wote wawili wanavaa. Zamani za kuwinda ningekuwa nimeshaliwa, na wao wasingezaliwa. Tumwite fundi miwani tumshtaki?" Akaivaa. "Sikufichi, swali lako nimewahi kulikesha. Jibu la watu watakaokuja miaka elfu ijayo sinalo. Nina mtoto mmoja, na kesho yupo kwenye orodha yangu. Nataka sahihi ya mzazi, yeyote kati yenu."

Lilikuwa jibu la mtu mwenye kazi nyingi, na Mikono hakuona pa kulishika. Daktari alipotoka, mkewe akaweka kanga chini.

"Sahihi naweza kuiweka sasa hivi," akasema. "Lakini nikiiweka peke yangu, nitamlea peke yangu. Sikutishi. Nakuambia ili usije ukasema hukuambiwa."

"Nimekuelewa."

"Hujanielewa. Nilikuona siku ile alipozaliwa, nimekuona na wiki hizi. Umeshamtupa mwanangu, umebaki kungoja tu mtu afunge mfuniko."

Alitaka kukataa. Alitafuta kifuani hasira ya kukatalia, hakuipata. Akasimama pale mikono ikining'inia kama nguo za mtu mwingine, kisha akasema atarudi asubuhi.

Asubuhi alipitia kazini kwanza. Msimshangae. Mtu aliyekufa ganzi huenda anakopelekwa na miguu, na ilikuwa siku ya kutotoa, na vifaranga havisubiri mtu amalize shida zake.

"Wewe umefuata nini hapa?" Shangazi akamaka alipomwona anavaa aproni. "Mwana yuko hospitali, baba yuko kwenye vifaranga! Kuku havunji yai lake, hujasikia?"

"Hawa wetu hata kulilalia hawajui, Shangazi."

Na kweli hawakujua. Kuku wa kituo kile walikuwa wa mbegu iliyochaguliwa kwa kutaga tu, kizazi baada ya kizazi, mpaka hamu ya kuatamia ikawatoka. Kuku alitaga, akasimama, akaenda zake bila kugeuka. Mashine ndiyo iliyokuwa mama. Umeme ukikatika wiki chache tu bila jenereta, kabila zima limekwisha, na wafanyakazi walikuwa wakilitania hilo wakati wa chai. Mikono alikuwa akicheka nao. Leo, mikono ikiwa inakamata na kugeuza, aliwaza kwamba ukoo wake nao ndiko ulikoelekea. Yeye alitotolewa na kisu. Mwanawe angetotolewa na kisu. Na siku kisu kitakapokuwa mbali, au daktari yuko safarini, au njia imekatika, itakuwaje kwa mjukuu wake?

"Lakini ndiyo maana sisi tupo," Shangazi akasema, kana kwamba ameyasikia mawazo yake, kumbe yeye alikuwa bado anajibu habari ya kuku.

Kifaranga kimoja kikaingia mkononi mwa Mikono. Akakigeuza. Kitovu hakikufunga, kilikuwa na kijitundu chekundu chenye unyevu. Mkono ulikwisha kuanza safari ya kwenda kwenye pipa, ukasita. Mikono akakitazama tena. Kilikuwa kinapumua upesi upesi, jicho moja limemwelekea, jeusi, halina lawama wala ombi. Nyuma yake mkanda ukaanza kujaa.

"Mikono!" Shangazi akaita. "Vipi leo?"

Akakitupa. Nasema ukweli: alikitupa, kwa sababu kuku ni kuku, na kasha lile lilikuwa linakwenda kwa mfugaji aliyeagiza vizima. Ila kiganja chake kilibaki na joto la kile kitu, na alipojaribu kukamata kingine, vidole vikamkatalia. Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza.

"Nenda, mwanangu," Shangazi akasema bila kuinua macho, mikono yake miwili sasa ikifanya kazi ya minne. "Nenda bwana, unanizibia njia."

Mama yake, aliyeitwa kwa simu jana usiku, alikuwa ameshafika hospitalini. Alimkuta kwenye benchi la ukumbini, nje ya wodi, kikapu cha nguo safi miguuni, mgongo wima kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu. Mikono akamwamkia, akaketi kando yake. Kwa muda walitazama ukuta uliokuwa mbele yao, uliopakwa rangi ya kijani nusu na nyeupe nusu.

"Wameliona kovu," mama yake akasema.

"Wameliona."

"Nilijua iko siku." Akavuta pumzi. "Walikuwa wawili kabla yako. Wavulana. Wa kwanza nilidhani ni maziwa yangu. Wa pili nikajua ni mimi. Ulipokuja wewe ukaanza kutapika, baba yako akasema safari hii tusihangaike, kisichotaka kukaa kisishikwe kwa nguvu. Usimwone mbaya. Alikuwa amechimba makaburi mawili madogo kwa mikono yake."

"Nawe ukasemaje?"

"Nikakubali." Alilisema wazi, bila kulipunguza. "Nikakulaza kwenye mkeka, nikageukia ukutani nisikuone. Nikakaa hivyo siku nzima, nakusikia unalia, halafu nakusikia hulii. Jioni nikageuka."

"Kwa nini uligeuka?"

"Shingo iliniuma."

Mikono akamtazama. Mama yake alikuwa anatabasamu kidogo, tabasamu la aibu.

"Watu wangependa niseme Mungu aliniita. Labda aliniita, sijui, lakini mimi nakumbuka shingo. Nikageuka niipumzishe, nikakuta unanitazama. Basi. Nikakubeba nikatoka nje bila viatu. Baba yako alinifuata mpaka barabarani akiniita, halafu akaninyang'anya wewe. Nikadhani anakurudisha nyumbani, kumbe ana mbio kuliko mimi. Ndiye aliyekufikisha hospitali."

Muuguzi akapita na toroli lenye gurudumu linalolia. Walingoja lipite.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Nikuambie nini? Kwamba nilikugeuzia mgongo? Kila ulipouliza kovu limetoka wapi, mdomo ulikuwa unafunguka kusema, unasema waya. Waya ulikuwa rahisi."

Mikono akainuka akaingia wodini. Mkewe alikuwa amesinzia ameketi, kichwa ukutani, mkono mmoja umeshika ukingo wa kitanda cha mtoto. Akasimama pale, akainama. Mrija mwembamba uliingia kwenye mshipa wa mkono, na mkono wenyewe ulikuwa umefungwa kwenye kibao kidogo ili asiupinde. Maji yalikuwa yamemrudisha kidogo; paji lilikuwa limekunjuka. Mtoto alifungua macho. Mtoto wa umri ule haoni mbali, huona mwanga na vivuli, Mikono aliwahi kuambiwa hivyo. Hata hivyo akakaa pale akitazamwa, naye akimtazama, mara mbili, mara tatu, mpaka akapoteza hesabu.

Asidhani mtu kwamba moyo ulimfunguka papo hapo. Haukufunguka. Alikwenda mezani kwa muuguzi akaweka sahihi mahali alipoonyeshwa, akarudi, akamwamsha mkewe kwa kumgusa bega.

"Nimeweka," akasema.

Mkewe akamtazama kwa muda mrefu, akasogea, akampisha nafasi pale kitini.

Upasuaji haukuchukua hata muda wa kuchemsha maharage, kama daktari alivyojigamba alipotoka na kofia yake ya kijani imekaa upande. Siku ya pili mtoto alinyonya kidogo, wakashika pumzi wote watatu, mama, baba na bibi, hakikurudi kitu. Akanyonya tena. Mama yake Mikono akatoka ukumbini akalia huko, akarudi amenawa uso. Mikono akasema, "Vizuri," akasikia sauti yake ni ile ile ya kazini, ya kumwambia msimamizi kwamba kasha limejaa. Alitamani kulia na yeye. Alijaribu hata kujilazimisha, akaona haya.

Wakaruhusiwa. Nyumbani, alasiri moja, mkewe alikuwa anafua uani, akamwachia mtoto. Ilikuwa zamu ya kubadilisha bandeji. Mikono akanawa, akamlaza juu ya taulo, akaibandua ile ya zamani kama walivyofundishwa. Mkono wa kushoto, chali. Kitovu kilikuwa chekundu, kimevimba kidogo, nyuzi mbili nyeusi zimetokeza, hakijafunga. Kwa sheria ya mezani huyu hakupita. Alilijua hilo kwa kidole gumba chake chote. Akakisafisha, akakifunika, akamwinua mtoto begani, akamshika mgongo kama mkewe anavyofanya, akampigapiga.

Ndipo akasikia kitu cha moto kikimtiririka mgongoni.

Hakujua kama alipiga kelele. Mkewe alikuja mbio povu limemjaa mikononi, akamkuta amekaa sakafuni, mtoto amemkumbatia kifuani, anasema, "Imerudi, imerudi, mama mtoto, imerudi, twende, lete viatu, twende." Ile mikono iliyosifiwa kituo kizima ilikuwa inatetemeka.

Mkewe akapiga magoti. Akamtazama mtoto, ambaye alikuwa ametulia tuli, ana tone la maziwa kidevuni. Akatazama bega la mumewe. Kisha akaanza kucheka, kicheko ambacho kilikuwa hakijasikika ndani ya nyumba ile tangu wiki ya kwanza.

"Amecheua tu, jamani! Amecheua! Mwanaume mzima!"

"Si kutapika?"

"Angetapika ungeyakuta ukutani huko. Hiki ni kijiko kimoja." Akacheka mpaka akajishika mbavu, halafu akaona machozi ya mumewe, akaacha. Akaketi sakafuni kando yake na mikono yake ya povu.

"Niliogopa," Mikono akasema. Alilisema kwa mshangao, kama mtu aliyeokota kitu chake mwenyewe njiani. "Niliogopa sana."

"Nimeona."

Walikaa. Uani bomba lilikuwa limeachwa wazi, maji yakimwagika kwenye beseni, na hakuna aliyeinuka kulifunga.

"Na ugonjwa ukimpata mwana wa huyu?" Mikono akauliza baadaye.

"Utampeleka. Utakuwa babu, huna kazi."

"Na kama sipo?"

Mkewe akafikiri. Akamfuta mtoto kidevu kwa kidole.

"Basi mwambie huyu mapema, ajue. Usije ukampa habari za waya."

Mikono akaitikia kwa kichwa. Mtoto alikuwa ameshalala, pumzi yake ikipanda na kushuka juu ya kovu la zamani la baba yake. Maziwa begani yalikuwa yameanza kupoa na kunata.

"Badili shati," mkewe akasema.

"Baadaye," akasema, na hakusogea.